Mtoto ana homa na hataki kukanyaga: malaria, au mfupa?



Ukitoka Kilosa mjini kwenda Mikumi, kabla hujaikuta lami ya barabara kuu ya Iringa, unapita Ulaya. Si utani. Ni kata ndani ya wilaya ya Kilosa, na wenyeji wamezoea mzaha wetu sisi wapita njia kwamba tumefika Ulaya bila viza. Mzaha wenyewe umechakaa, ila leo nimeupa kazi.

Nataka kuandika juu ya ugonjwa ambao Ulaya ile ya kwenda kwa ndege waliuelewa karne ya 19, na ambao Ulaya hii ya kwenda kwa basi la vumbi bado unaweza kupita kwenye foleni ya wagonjwa ukiwa umevaa jina la ugonjwa mwingine. Ni usaha ndani ya mfupa, au ndani ya jointi, ya mtoto mdogo. Ukiwa kwenye mfupa madaktari huuita osteomielaitisi. Ukiwa kwenye jointi ni athraitisi ya usaha. Mtaani hauna jina, na nadhani hapo ndipo matatizo yanapoanzia.

Mimi si daktari. Ni mwandishi wa habari ninayependa kupekua mambo ya kale, na swali langu ni la kihistoria: ilikuwaje mtoto mwenye homa asiyetaka kuguswa mguu akawa, kwetu, mgonjwa wa malaria, au wa polio, au wa sindano, na si mgonjwa wa mfupa?

Nianze na mfano wa nyumbani. Nina mjomba aliyezaliwa Kilosa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mguu wake wa kulia ni mfupi kuliko wa kushoto na goti halikunji vizuri. Mtaani kwao ukiuliza kulikoni, unapata majibu mawili. Wapo wanaosema ni polio. Wapo wanaosema alichomwa sindano vibaya. Miaka michache iliyopita nikamuuliza bibi, mama yake mzazi, maana yeye ndiye aliyembeba. Bibi akacheka kwa dharau kidogo. "Mjukuu wangu, polio gani inatoa usaha?"

Kisha akasimulia. Mtoto alikuwa na miaka miwili na kitu. Alishikwa na homa, siku ya pili akawa hataki kushuka mgongoni, akiwekwa chini anaunyanyua mguu. Akapewa dawa za malaria. Homa ikashuka, ikarudi. Akapelekwa kwa mzee mmoja aliyekuwa hodari wa kukanda waliotegukka viungo, akakandwa paja kwa mafuta huku akipiga kelele mtaa mzima wanasikia. Wiki ya tatu paja likapasuka lenyewe, usaha ukatoka. Kidonda hakikufunga. Miezi ikapita, na siku moja wakati wa kumwosha kikatoka kipande cha mfupa, chembamba, kikavu, anasema kama kipande cha muhogo uliosahaulika juani. Bibi alikifunga kwenye kitambaa na kukitunza kwa miaka mingi.

Kipande kile ndicho jibu. Polio hulegeza misuli, haitoi usaha wala haimegi mfupa. Sindano mbaya inaweza kuua mshipa wa fahamu au kuleta jipu kwenye nyama, lakini hadithi ya bibi ilianza kabla ya sindano yoyote. Mfupa wa paja wa mtoto yule uliingiwa na bakteria, sehemu yake ikafa, na mwili ukaitupa nje kama unavyotupa mwiba.

Nisiwalaumu wale waliosema polio au sindano. Majina yale mawili yalikuwa na sababu zake. Polio ilikuwapo kweli. Mgonjwa wa mwisho wa polio ya virusi vya asili Tanzania alionekana mwaka 1996, kwa hiyo kizazi cha mjomba kilikua kikiona watoto waliopooza. Ya sindano ni hadithi ndefu kidogo, na ndiyo iliyonivutia zaidi.

Turudi Tanganyika ya miaka ya 1920. Ugonjwa uliowasumbua watoto wa vijijini, hasa sehemu za joto na unyevu, ulikuwa buba. Vijana wengi wa leo hawaujui. Buba huanza na kidonda cha ngozi, huambukiza kwa kugusana, na huwashika zaidi watoto. Lakini hauishii kwenye ngozi. Huingia kwenye mifupa, vidole vya mtoto vinavimba, na muundi unaweza kupinda kwa mbele kama upanga. Serikali ya kikoloni ilikuja na sindano za dawa zenye arseniki na baadaye za bismathi, na matokeo yakawa kama muujiza: vidonda vya miezi vinakauka kwa siku chache. Watu walitembea mwendo mrefu kuifuata sindano. Kuanzia 1926 serikali ikaanza kuwafundisha madresa, vijana wa Kiafrika waliowekwa kwenye zahanati za vijijini chini ya tawala za wenyeji, na kazi yao kubwa ikawa kufunga vidonda na kutibu magonjwa ya namna hiyo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ikaja penisilini, na buba likaweza kutibiwa kwa sindano moja tu. Tazama kilichotokea hapo. Kizazi cha babu zetu kilikuwa na jina la ugonjwa wa mtoto unaovimbisha mifupa, na kilikuwa na dawa yake. Buba likafifia, na jina likafifia nalo. Kilichobaki ni sindano, na imani kwamba sindano ndiyo tiba yenyewe, vidonge ni vya wasio wagonjwa sana!

Sindano hiyohiyo ikahamia kwenye malaria. Klorokwini ya sindano, kwinini ya sindano, zote kwenye tako au paja la mtoto. Kwinini ikichomwa vibaya karibu na mshipa mkubwa wa tako inaweza kweli kumlemaza mtoto mguu, kwa hiyo anayesema "alichomwa vibaya" hasemi upuuzi. Kuna na degedege. Watafiti waliokwenda vijijini hapa nchini miaka ya 1990 waliwakuta wazazi wengi wakiamini kuwa mtoto mwenye degedege akichomwa sindano anakufa. Sindano ikawa inapendwa na kuogopwa na watu walewale.

Sasa fikiria mpangilio wa matukio. Mtoto ana homa. Anapelekwa zahanati, anachomwa sindano. Siku tatu baadaye mama anagundua mguu hautumiki. Ni nani asiyeisingizia sindano? Swali ambalo lingeamua kesi ni moja: mguu ulianza kugoma kabla ya sindano au baada? Bibi yangu alilijua jibu. Hakuna aliyemuuliza.

Wakati huohuo, Ulaya ya mbali walikuwa wameshafika wapi? Mwaka 1874 daktari mpasuaji wa London, Thomas Smith wa hospitali ya St Bartholomew's, aliandika juu ya watoto wachanga waliokuja na jointi zilizojaa usaha. Wengi walikufa, na waliopona walibaki na nyonga zisizo na kichwa cha mfupa, kwa sababu usaha ulikuwa umekitafuna. Hakujua ni nini kinachosababisha. Miaka sita tu baadaye, 1880, mambo yakafunguka sehemu mbili kwa pamoja. Aberdeen, Uskoti, daktari Alexander Ogston alichukua usaha wa mgonjwa akauweka chini ya hadubini, akaona vijidudu vimekaa vichala vichala kama zabibu. Alikwenda kueleza Berlin, maana wenzake wa Uingereza hawakumwamini, na mwaka 1882 akavipa jina la Kigiriki lenye maana ya zabibu hizo: stafilokoka.

Paris nako, Louis Pasteur alikuwa amechukua usaha wa majipu ya mtu mmoja aliyefanya kazi kwenye maabara yake. Halafu akaalikwa na mpasuaji Lannelongue kumwona binti mdogo aliyekuwa akifanyiwa upasuaji wa mfupa hospitalini. Akachukua usaha wa ndani ya mfupa, akaotesha, akakuta kijidudu kilekile. Hitimisho lake lilikuwa rahisi mno hata mtoto wa shule angelielewa: ule ugonjwa ni jipu, ila limeota ndani ya uboho wa mfupa.

Mimi nalipenda sana neno hilo, jipu. Hakuna Mtanzania asiyelijua. Sote tunajua jipu lina joto, lina maumivu, linataka kukamuliwa, na halikandwi! Laiti tungelikuwa na desturi ya kusema "mtoto ana jipu la mfupa", nadhani yule mzee wa kukanda asingeligusa paja la mjomba wangu.

Kwa nini mfupa, na kwa nini watoto? Kwa sababu mfupa wa mtoto bado unakua. Karibu na ncha zake, pale unapoongezeka urefu, mishipa midogo ya damu inakata kona kali na damu inapita polepole. Bakteria aliyeingia kupitia kidonda kidogo, kipele au koo anapita haraka kwingine kote, lakini pale anapata pa kutua. Usaha unajikusanya mahali pasipo na nafasi ya kutanuka, unaibana mishipa ya damu, na mfupa uliokosa damu unakufa. Mara nyingi ni mfupa wa paja au wa muundi, karibu na goti. Kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja na nusu hivi kuna hatari ya ziada: mishipa yake bado inavuka hadi kwenye ncha ya mfupa, kwa hiyo usaha unaweza kuingia jointini. Nyonga ndiyo mbaya kuliko zote, kwani sehemu ya mfupa inayoshambuliwa iko ndani ya mfuko wa jointi wenyewe. Gegedu la jointi, ile sehemu laini inayofanya mifupa isisagane, huharibika kwa siku, si kwa wiki. Ndiyo maana muda ni kila kitu hapa.

Na muda ndio tulioupoteza kwa malaria.

Nieleweke vizuri. Malaria ipo Kilosa, ipo Mikumi, ipo bonde lote la Kilombero, na imeua watoto wengi kuliko usaha wa mifupa utakavyowahi kuua. Kwa miaka mingi ilikuwa busara kumpa kila mtoto mwenye homa dawa ya malaria, kwa sababu klorokwini ilikuwa rahisi, ilikuwa salama, na maabara haikuwapo. Klorokwini ikachoka, nchi ikaiacha mwaka 2001, ikaja SP, kisha dawa mseto kuanzia mwishoni mwa 2006. Dawa zikabadilika mara mbili. Mazoea hayakubadilika: homa ni malaria mpaka ithibitike vinginevyo, na hakuna aliyekuwa akithibitisha vinginevyo.

Ndipo watu wakaanza kuhesabu. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti uliofanyika kwenye hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Wagonjwa 4,474 walikuwa wamelazwa wakitibiwa malaria kali. Walipopimwa damu kwa uangalifu, waliokuwa na vimelea ni 46.1 kwa mia tu. Zaidi ya nusu hawakuwa na malaria, na hao wasio na malaria ndio waliokufa kwa uwiano mkubwa zaidi. Moshi, mwaka 2007 na 2008, hali ilikuwa ya kutisha kuliko hiyo: kati ya wagonjwa 870 wa homa waliolazwa, watoto na wakubwa, madaktari waliandika malaria kwa 528. Malaria halisi walikuwa 14.

Utasema Moshi kuna baridi, mbu wachache, usiifananishe na Kilosa. Sawa kabisa, nami nisingeifananisha. Basi njoo karibu na nyumbani. Mwaka 2008 watafiti walikaa Dar es Salaam na Ifakara, na Ifakara ni mkoa wetu huuhuu wa Morogoro, unakata kushoto pale Mikumi unateremka nayo barabara. Walichukua watoto 1,005 waliokuja na homa, wakawapima kila kitu kinachopimika. Malaria ilikuwa 10.5 kwa mia. Wengi walikuwa na virusi vya njia ya hewa. Bakteria walihusika kwa mtoto mmoja katika kila watano hivi.

Kuanzia 2009 kipimo cha haraka cha malaria, kile cha tone la damu na mstari mwekundu, kikaanza kusambazwa hadi zahanati za vijijini. Tunakisifu kwa kuokoa dawa za malaria. Mimi nakiona kwa jicho la historia: kwa mara ya kwanza tangu enzi za madresa, tabibu wa kijijini alikuwa na kitu mkononi kinachomwambia "si malaria". Halafu anabaki na mtoto mwenye homa mbele yake, na swali jipya kabisa. Basi ni nini?

Hapa mkoa wetu una historia ya kujivunia. Mpango wa kumtazama mtoto mgonjwa kwa ujumla wake, unaojulikana zaidi kwa herufi zake IMCI, ulianza kutumika Morogoro Vijijini na Rufiji mwaka 1997, na jirani zao Kilombero na Ulanga zikawa wilaya za kulinganishia. Vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vikawa pungufu kwa asilimia 13 kwenye wilaya za mpango. Tabibu alifundishwa kuuliza kwa mpangilio: anakohoa? anaharisha? ana homa? masikio je? Ni chati nzuri, imeokoa watu. Lakini kwenye chati ile ya kwanza, maeneo yenye malaria nyingi, mtoto mwenye homa aliangukia kwenye kisanduku cha malaria. Mifupa haikuwa na kisanduku.

Ilikuja kupata mstari wake baadaye. Kwenye chati ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2014, chini ya homa, mhudumu anaambiwa atafute dalili za bakteria mwilini: mahali panapouma akiguswa, uvimbe wenye moto, majipu, na hili la kukataa kutumia kiungo. Maneno machache tu. Ogston na Pasteur walikuwa wameyaelewa mambo haya miaka 134 kabla.

Hebu tuseme basi mhudumu ameuona mguu usiotumika. Anafanyaje uhakika? Wengi wetu tutasema "apigwe picha". Mama atakopa nauli, atapanda gari hadi penye eksirei, atasubiri, na picha itatoka safi. Atarudi nyumbani na moyo mweupe. Picha ile haikudanganya, ila iliulizwa mapema mno. Mfupa ulioingiwa na bakteria hauonyeshi mabadiliko kwenye eksirei hadi siku 10 au 14 zipite, maana lazima sehemu kubwa ya madini yake iwe imeshaliwa kwanza. Picha safi ya siku ya tatu haisemi chochote juu ya usaha. Naomba hili likumbukwe hata kama mengine yote niliyoandika yatasahaulika.

Vipimo vya damu husaidia zaidi siku za mwanzo. Kile kinachoitwa CRP hupanda ndani ya saa chache. Kile cha kasi ya seli nyekundu kutuama, ESR, hupanda polepole lakini ni cha bei ndogo. Ultrasaundi huonyesha maji kwenye nyonga. Lakini mfalme wa vipimo ni sindano inayoingizwa jointini kuvuta kilichomo. Ukivuta usaha, ubishi umekwisha: jointi inahitaji kufunguliwa na kuoshwa, siku ileile ikiwezekana. Sindano tena! Safari hii inachomwa ili kutoa, si kuingiza.

Mwaka 1999 madaktari wa Boston, wakiongozwa na Mininder Kocher, walijaribu kurahisisha kazi ya kutofautisha nyonga yenye usaha na nyonga iliyovimba tu kidogo. Wakapata dalili nne: homa ya zaidi ya nyuzi 38.5, mtoto hakanyagi, ESR ya 40 au zaidi, na chembe nyeupe zaidi ya 12,000. Akiwa nazo zote nne, walikadiria uwezekano wa usaha ni 99.6 kwa mia. Hospitali nyingine ya Marekani ilipojaribu kipimo hichohicho miaka mitano baadaye, kwa watoto wake ikapata 59. Kwa hiyo msikimbilie kuzibandika ukutani. Mimi nimezitaja kwa sababu nyingine. Mbili kati ya nne zinahitaji maabara. Mbili zilizobaki zinahitaji kipimajoto na macho, na hizo zinapatikana hata Ulaya. Ya kwetu, namaanisha.

Tena wao walihesabu watoto wa Boston. Bakteria wa kwetu wana tabia zao. Blantyre, Malawi, daktari mpasuaji Chris Lavy na wenzake walipochunguza jointi za watoto wadogo, walikuta mara nyingi si stafilokoka bali salmonela, na jointi iliyoshika namba za juu ilikuwa bega. Bega! Vitabu vya kigeni vinamfundisha mwanafunzi atazame nyonga na goti. Mtoto wa miezi minane hatembei, kwa hiyo hatachechemea. Mama yake atagundua wakati wa kumvalisha, mkono hauingii kwenye shati bila kilio. Na mtoto mchanga kabisa anaweza asiwe hata na homa.

Salmonela inatuleta kwenye selimundu, au sikoseli kama tunavyoiita. Inakadiriwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa nayo Tanzania kila mwaka. Hao mifupa huwauma hata bila bakteria, kwa sababu damu inakwama kwenye mishipa midogo, na mtoto wa mwaka mmoja anaweza kuvimba viganja na nyayo zote. Ni mtihani hata kwa bingwa: haya ni maumivu ya selimundu yenyewe, au bakteria wameingia? Kwa wadogo hawa salmonela kwenye mfupa si jambo geni. Ikiwa nyumbani kuna aliye na selimundu na mtoto anavimba mahali pamoja, pana moto na homa haishuki, mhudumu anapaswa kulijua hilo kabla ya kuandika chochote.

Na msidhani wenzetu wamemaliza kila kitu. Kuna bakteria anayeitwa Kingella kingae, aliyepewa jina la Elizabeth King, mwanasayansi wa Atlanta. Kwa miongo mingi madaktari walikuwa wakivuta maji kwenye jointi za watoto wadogo, wanaotesha, hakioti kitu. Wakasema basi hakuna bakteria. Mwaka 1992 Pablo Yagupsky na wenzake huko Israeli walichukua maji yale wakayaingiza kwenye chupa zinazotumika kuoteshea damu, badala ya kuyapaka kwenye sahani kama kawaida. Kingella akaota. Alikuwapo siku zote. Leo anahesabiwa miongoni mwa wanaoongoza kwa watoto wa miezi sita hadi miaka minne katika nchi zenye uwezo wa kumtafuta. Kwetu ni nani anayemtafuta?

Wanaokosa kutambuliwa mapema hawapotei hewani. Wanaonekana miezi na miaka baadaye, wakiwa na kidonda kisichofunga. Kisubi, njia ya Kampala kwenda Entebbe, kuna hospitali inayoitwa CoRSU iliyofunguliwa 2009, na watoto wenye mifupa iliyooza ni sehemu kubwa ya kazi ya wapasuaji wake. Blantyre wagonjwa wa aina hiyo walikuwa wengi kiasi kwamba hospitali ya Beit CURE ilitunga namna yake ya kuyapanga makundi ya mifupa iliyokufa, kwa kutazama eksirei: mfupa mfu umekaa vipi, na mfupa mpya umejizungushia kiasi gani. Hapo sasa picha inasema kweli, maana siku 14 zimepita zamani sana.

Kilosa kuna chuo cha kufundisha matabibu, umri wake ni mkubwa kuliko wangu, na wahitimu wake wametapakaa zahanati za nchi nzima. Mikumi kuna Hospitali ya Mtakatifu Kizito kando ya barabara kuu, na mbele ya hapo Morogoro mjini, kisha Muhimbili, ambako Taasisi ya Mifupa, MOI, ilianzishwa mwaka 1996. Ngazi zipo. Lakini anayempokea mtoto siku ya pili ya homa si MOI. Ni kijana aliyehitimu juzi, asubuhi ana foleni ya watoto hamsini, kipimo cha malaria kimeonyesha mstari mmoja, na mama amemfunga mtoto mgongoni kwa kanga. Mtoto aliyefungwa mgongoni haonyeshi kama anakanyaga au hakanyagi. Lazima ashushwe, avuliwe nguo, awekwe sakafuni na kuitwa upande wa pili wa chumba. Zoezi zima ni dakika mbili, na dakika mbili mara hamsini ni saa moja na dakika arobaini.

Bibi yangu, nilipomsomea habari za Pasteur na jipu lake la mfupa, aliniuliza mwaka. Nikamwambia 1880. Akahesabu vidole kidogo, akasema wakati huo hata Wajerumani walikuwa hawajafika Kilosa.

Haya, nimeandika mno. Nikijaliwa wiki ijayo nitawaletea ile habari niliyoahidi ya tawi la reli la Kilosa hadi Kidatu.